Ufa Hauanzi Unapouona

Abuya alinipigia simu Jumanne jioni nikiwa ndani ya mathree pale Githurai, jam imeshika, makanga anagombana na abiria wa siti ya nyuma kuhusu chenji. Abuya ni mjomba wangu, kaka wa mama. Akitumia kredo yake mwenyewe huwa hana muda wa salamu ndefu.

"Injinia," akasema, "nguzo za tangi la kisima zimepasuka. Fundi anataka kuzipaka simiti. Kamati ya maji imekaa, imesema hapana, tunaye mtu wetu, asubiriwe."

Nikauliza zimepasuka vipi.

"Zimepasuka. Kwani kuna njia ngapi za kupasuka?"

Ziko kadhaa, na hilo ni moja ya mambo machache ya chuo ambayo bado ninayajua vizuri. Ila kuna jambo ambalo Abuya hakulijua, wala kamati, wala Akko, nyanya yangu, ambaye huwaambia wageni kwamba mjukuu wake anajenga madaraja Nairobi. Mimi si injinia. Niliachia njiani. Kazi yangu ni kuandika vitu ambavyo watu wengine wataweka majina yao: makala za kampuni za bima, maelezo ya nyumba za kupangisha, mara moja hotuba ya bwana harusi ambaye hakunilipa mpaka leo.

Nikamwambia nitafika Ijumaa.

Nilianza chuo Septemba 2016, uhandisi wa ujenzi, kozi ya miaka mitano. Miezi michache kabla, usiku wa tarehe 29 Aprili, jengo la ghorofa sita lilikuwa limeanguka Huruma, mvua ikinyesha, na zaidi ya watu 40 wakafa. Kila mtu darasani alikuwa ameona zile picha. Mhadhiri mmoja akatuuliza: jengo kama lile huanza kuanguka lini? Sisi, mafreshaz wenye majibu ya haraka, tukasema usiku uleule. Akasema hapana, usiku ule lilimaliza.

Hiyo sentensi ndiyo iliyoniingiza kwenye mambo ya nyufa. Wenzangu walipenda madaraja na barabara. Mimi nikapenda kile kitu kinachotokea ndani ya jiwe au zege wakati ukilitazama kwa nje unaliona liko sawa.

Mwaka uliofuata ukame ulikuwa mbaya, hadi serikali ikautangaza janga la kitaifa Februari 2017. Abuya aliuza mbuzi, kisha ngamia wawili waliokuwa wamebaki ngozi na mifupa, kwa bei ya kutupa, nikalipiwa karo. Nayasema haya mapema ili ujue nilipokuwa nikidanganya nilikuwa namdanganya nani.

Kutoka Isiolo mpaka Sericho ni safari ya kukaa kimya. Unapita mahali panaitwa Kulamawe, na usiniulize nani aliyala. Baada ya hapo ni tambarare, vumbi, mathenge, na ngamia wanaovuka kwa wakati wao. Ewaso Nyiro huja huku ikiwa imechoka, ikaishie kwenye kinamasi cha Lorian. Miaka mingine haifiki.

Kama umewahi kusikia jina la Sericho bila kuwa wa kwetu, basi nadhani ni kwa sababu ya mawe. Mwaka wa 2016, ndugu wawili waliokuwa wakitafuta ngamia walikuta mawe mazito kupita kiasi, na hatimaye yakatambuliwa kuwa kimondo. Mwaka wa 2017 kiliandikishwa rasmi kwa jina la Sericho. Uzito uliorekodiwa ni kama kilo 2,800, vipande vingine vikiwa vya mamia ya kilo. Wanunuzi wakaja, vipande vikakatwa vibamba vyembamba, leo vingine viko kwenye makabati ya watu Ulaya na Marekani. Hakuna aliyeyaona yakianguka. Lakini wazee walikuwa wakiyajua siku nyingi, na kuna waliocheza juu yake wakiwa watoto. Kwetu yalikuwa tu yale mawe meusi ya kule malishoni.

Abuya anacho kipande kimoja, kama ngumi ya mtu mzima. Hakukiuza kwa sababu kinazuia mlango usipigwe na upepo. Nilipofika usiku ule kilikuwa palepale, na nilipokiinua mkono ukashtuka kama kawaida. Hakuna jiwe la ukubwa ule linalopaswa kuwa na uzito ule.

Aina hii ya kimondo huitwa palasiti, kutokana na jina la Peter Simon Pallas, mtaalamu wa Kijerumani aliyechunguza kipande kikubwa cha aina hiyo kule Siberia mwaka wa 1772. Ndani ni chuma kilichochanganyika na nikeli, na katikati ya chuma hicho kumejaa punje za madini ya olivini, za manjano au za kijani, kama zabibu kavu kwenye keki. Kibamba kizuri ukikishika mbele ya taa, mwanga unapita. Picha za kwenye mtandao huonyesha hilo tu, ule uzuri. Ukitazama kwa makini zaidi utaona olivini nyingi zimejaa vinyufa. Chuma kinapopigwa hujikunja kidogo, kinavumilia. Olivini haijui kujikunja, inapasuka. Vitu viwili vimefungwa pamoja, vikapigwa pamoja angani na vikapigwa tena vilipogonga ardhi, na vimeitikia tofauti. Kisha mvua za kwetu, hizo chache, zikaingia kwenye nyufa na kuanza kazi ya kutu.

Nilikiweka chini nikaenda kulala. Sikulala.

Asubuhi tukaenda kwenye tangi. Ngoja nikuelezee, kwa sababu umbo lake lina maana. Nguzo nne za zege, urefu wake kama mita tatu na nusu, zimeungwa juu kwa mihimili, halafu sakafu ya zege, halafu tangi jeusi la plastiki la lita 10,000. Lita moja ya maji ni kilo moja. Kwa hivyo tangi likijaa, ni tani kumi zimekaa juu ya vichwa vya watu. Na vichwa vilikuwepo. Chini ya sakafu ile ndipo penye kivuli, na kivuli Sericho saa tano asubuhi si kitu cha kuacha. Akina mama walikuwa wamekaa na mitungi, watoto wanacheza kuzunguka nguzo, mmoja anachokonoa ufa kwa kijiti.

Kamati nzima ilikuwa hapo. Wazee wanne, mwalimu wa shule ya msingi, na mama mmoja anayetunza pesa. Fundi pia alikuwepo, amekunja mikono, amenuna.

Nguzo mbili zilikuwa na nyufa za wima karibu na kona, zikifuata mstari wa nondo ndani, na doa la kahawia limetiririka chini. Hiyo ni kutu. Maji ya kisima chetu yana chumvi, tangi huvuja kwenye koki, na miaka yote matone yamekuwa yakishuka kwenye nguzo. Chumvi ikifika kwenye nondo, nondo inaanza kuoza, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Inasukuma zege kutoka ndani. Zege ukiligandamiza lina nguvu sana. Ukilivuta lina kama sehemu moja ya kumi ya nguvu hiyo. Kutu hulivuta.

Nguzo ya tatu ndiyo iliyoniogopesha. Haikuwa na doa. Ilikuwa na nyufa nyembamba kama uzi, nne au tano, za wima, katikati ya uso wake, zinakaribiana bila kushikana. Fundi aliziita nywele. "Hizi ni nywele tu, injinia. Simiti inapokauka huwa hivyo."

Huenda alikuwa sahihi. Zege likikauka hupata nyufa ndogo juujuu. Lakini hizo kwa kawaida huonekana mapema, na huwa zimetapakaa kila upande kama matope ya lambo lililokauka. Hizi zilikuwa zimejipanga. Zote zinatazama juu, kule uzito unakotoka. Na mwalimu alikumbuka kwamba mwaka jana hazikuwepo.

Hapa inabidi nikupeleke maabara kidogo.

Mwaka wa pili tulikuwa tukiponda vipande vya zege vya milimita 150 kila upande. Unavimwaga, unaviloweka, siku ya 28 unaviweka kwenye mashine, unagandamiza mpaka vivunjike, unaandika namba. Wengi waliandika namba wakaenda lanchi. Mimi nilikuwa nabaki kusikiliza. Kabla ya kuvunjika, kipande huongea: tik, kimya, tik tik, kimya, halafu tik nyingi kama mahindi ya bisi, halafu ghafla kishindo. Kila tik ni kinyufa kipya mahali fulani ndani. Kuna watu wamefanya kazi ya maisha yao kusikiliza sauti hizo kwa vifaa. Mwaka wa 1950 Mjerumani Josef Kaiser alionyesha jambo ambalo bado linanisisimua: ukigandamiza kitu mpaka kiwango fulani, ukakiachilia, ukakigandamiza tena, kinakaa kimya mpaka uvuke pale ulipofika mara ya kwanza. Yeye alianzia kwa metali, baadaye wengine wakaliona kwenye mawe pia, ingawa mawe hayatii sana. Yaani jiwe linakumbuka uzito mkubwa zaidi liliowahi kubeba.

Swali la kwanza ni kwa nini jiwe linalosukumwa lipasuke kama linalovutwa. Jibu ni kwamba hakuna jiwe lisilo na kasoro. Ndani kuna vinyufa vidogo vilivyolala upande upande. Ukisukuma kutoka juu, kuta mbili za kinyufa kama hicho hutelezana, na kwenye ncha zake panafunguka vijinyufa vingine kama mabawa. Mabawa hayo hujikunja yakaelekea kule msukumo unakotoka, yakaendelea kukua wima. Kwanza kila kimoja kiko peke yake na hakina habari na wenzake. Kisha yanakaribiana, na hapo yanaanza kusaidiana kuua. Miaka ya 60, William Brace na wenzake wa MIT walipima graniti na kukuta kwamba kabla haijavunjika huvimba. Unaigandamiza, nayo badala ya kuendelea kupungua inaanza kuongezeka ukubwa, kwa sababu nafasi tupu zinafunguka ndani yake. Mimi niliposoma hilo mara ya kwanza nilitoka nje ya laibrari nikatembea.

Swali la pili ni hesabu. Aliyelianzisha ni Mwingereza, Alan Arnold Griffith, aliyekuwa akifanya kazi kwenye mambo ya ndege kule Farnborough, mwaka wa 1921. Alivunja vioo. Alikuta kioo kina nguvu ndogo mno kuliko ile kingepaswa kuwa nayo kulingana na nguvu zinazoshikanisha chembe zake, na kwamba nyuzi nyembamba za kioo zina nguvu zaidi kuliko kioo kinene. Akasema tofauti ni nyufa. Ufa hukua pale nishati inayoachiliwa ukikua inapotosha kulipia sura mpya mbili zinazotengenezwa. Kutokana na hesabu yake, ufa ukirefuka mara nne, nguvu inabaki nusu. Kwa kitu kinachovutwa hesabu hiyo ni safi kabisa. Kwa nguzo inayogandamizwa, yenye vinyufa elfu, haitoshi, na hapo ndipo mimi nilipotea.

Sababu ni kwamba huwezi kuhesabu vinyufa elfu kimoja kimoja. Mwaka wa 1958 Mrusi Lazar Kachanov alipendekeza ujanja: achana na nyufa mojamoja, ipe kila sehemu ya kitu namba moja ya uzima wake, kutoka moja mpaka sifuri. Moja ni nzima. Sifuri imekwisha. Ikifika nusu, nusu ya sehemu ile haibebi tena, na nusu iliyobaki inabeba mara mbili. Ni wazo rahisi hadi unajiuliza kwa nini halikuwa lako.

Mradi wangu ulikuwa kuandika programu ya hilo. Nilikigawa kipande cha zege kwenye kompyuta kuwa miraba midogo midogo, kila mraba nikaupa nguvu yake kwa bahati nasibu, wengine imara, wengine legelege, kama watu. Ukiongeza uzito, mraba dhaifu unakatika. Sasa mzigo wake unaenda wapi? Hapo ndipo kuna kila kitu.

Fikiria watu ishirini wamebeba jeneza. Mmoja akichoka akaachia, kuna namna mbili. Ya kwanza, mzigo wake unagawanyika kwa wote kumi na tisa, kila mmoja anaongezewa kidogo sana. Ya pili, mzigo unawaangukia wawili waliokuwa pembeni yake tu. Kwa namna ya kwanza wengi wanaweza kuachia kabla jeneza halijaanguka, na utaliona likiyumba. Kwa namna ya pili, wawili wale wanaelemewa, wanaachia, walio karibu nao wanaelemewa, na ndani ya sekunde chache liko chini. Jiwe kavu liko karibu zaidi na namna ya pili. Kwenye skrini nilikuwa naona nukta nyekundu zikitapakaa ovyo kwa muda mrefu, huku moja, kule moja, hakuna mpangilio. Halafu, bila mimi kubadilisha kitu, zinaanza kukusanyika mahali pamoja, mstari unatokea, na umekwisha. Mstari ule ndio ufa unaouona kwa macho. Ukija kuuona, sehemu kubwa ya kazi imeshafanyika gizani.

Kwa hiyo nina ugomvi mdogo na ile methali ya ufa na ukuta tuliyokaririshwa shuleni. Inaanza hadithi kwa kuchelewa. Na neno kuziba lenyewe lina balaa lake, kwa sababu kuna kuziba kunakorudisha nguvu na kuna kuziba kunakokuondolea tu njia ya kuona.

Programu yangu haikuwahi kukubaliana na mashine ya maabara. Niliirekebisha usiku baada ya usiku, nikaacha kwenda madarasa mengine, nikafeli hesabu, nikafeli somo la maji, nikapewa mitihani ya kurudia. Karo ikawa na salio. Simu za nyumbani nikazijibu kwa ujumbe mfupi. Machi 2020 korona ikaja, vyuo vikafungwa, kila mtu akaambiwa aende kwao. Vilipofunguliwa sikurudi. Hakuna siku niliyoamua kuacha. Najua unachotarajia sasa, kwamba nitasema mimi pia nilikuwa zege. Sitasema. Zege halidanganyi jamaa zake miaka minne.

Turudi kwenye nguzo ya tatu. Wazee wamenitazama. Fundi amenitazama. Nilichukua jiwe nikagonga ile nguzo isiyo na ufa wowote, ya nne: ko, sauti kavu ya kitu kilichojaa. Nikagonga ya tatu: sauti butu, kama kugonga mlango wa nyumba ambayo haina watu. Sikujifunza hilo chuo. Akko huchagua mafiga hivyo. Hugonga jiwe kwa jiwe, akiinamisha kichwa, na lile lisilolia vizuri hulitupa, kwa sababu anajua litapasuka motoni na kumwaga chai. Nyufa hulegeza jiwe na kumeza mtetemo, hiyo ndiyo sababu. Akko haihitaji sababu.

Ningeweza kunyamaza. Nataka ulijue hilo. Ningeweza kuongea kama injinia, kutoa amri, wakatii, nikarudi Nairobi na jina langu. Nilichokuwa nataka kuwaambia kilikuwa sahihi kwa kadiri ninavyojua. Lakini nilikuwa karibu kuwaambia watu wateremshe tangi, na tangi likiwa chini maji hayafiki kwenye birika za mifugo kwa nguvu zake yenyewe, na kiangazi kilikuwa kimeanza, na ngamia wa watu watatu walikuwa tayari wamesimama pale wakisubiri. Mtu akikuamini kwenye jambo kama hilo ana haki ya kujua anamwamini nani.

Nikasema kwa Kiswahili ili mwalimu na fundi waelewe pia. "Wazee, naomba radhi. Mimi sikumaliza chuo. Niliacha mwaka wa nne. Mimi si injinia, na sheria hainiruhusu kuwaambia nguzo hii ni salama au si salama. Lakini nimesoma kuhusu nyufa kuliko kitu kingine chochote maishani, na mimi mtoto wangu singemwacha akae hapa chini."

Kimya. Ngamia mmoja akakohoa.

Fundi ndiye aliyecheka kwanza. "Kwa hivyo ni mimi na yeye sawa."

"Sawa kabisa," nikamwambia. "Tofauti ni kwamba wewe unataka kuzifunika, na mimi nataka tuzitazame."

Mama wa hazina aliuliza swali pekee lililokuwa na maana: tukimwaga maji na ikawa ulikosea, tumepoteza nini? Nikasema maji, jasho, na wiki kadhaa za kubeba kwa ndoo. Na tusipomwaga ikawa nilikuwa sahihi? Hakuna aliyemjibu. Yeye mwenyewe aliinuka, akawaondoa watoto kivulini kwa kanga yake, akafungua koki. Maji yalitoka mpaka saa kumi jioni. Kila mtu alijaza alichokuwa nacho, hata masufuria. Kesho yake vijana kumi na fundi mwenyewe, ambaye namheshimu kwa hilo, waliteremsha tangi kwa kamba.

Abuya hakuniongelesha siku nzima. Si ile ya hasira. Alikuwa akifanya hesabu, niliona, na najua alikuwa akihesabu ngamia. Usiku nikiwa nimekaa mlangoni karibu na lile jiwe la mbinguni, akaja akakaa.

"Wale ngamia wawili," akasema.

"Najua, Abuya."

"Hujui. Mmoja alikuwa na mimba."

Sikuwa na la kusema. Baadaye akauliza kama nalipwa kwa hayo maandishi yangu, nikasema kidogo, akauliza kidogo ni ngapi, nikamwambia, akaguna. Nitamlipa. Sijui lini, lakini tumeandika kwenye daftari, yeye na mimi, na Akko akiwa shahidi.

Akko yeye hakushangaa. Ndani ya chumba chake kuna picha za binamu zangu wawili wakiwa na joho na kofia, na pembeni kuna msumari mtupu. Ulipigiliwa mwaka wa 2021, mwaka ambao nilipaswa kumaliza. "Mtu aliyemaliza huleta picha," akasema kwa Kiborana, akimimina chai. Kumbe alijua miaka mitatu, na bado aliwaambia wageni kuhusu madaraja. Mpaka leo sijaelewa alikuwa akimlinda nani.

Kabla ya kuondoka nilimwachia Abuya penseli na kazi. Kila ncha ya ufa apige mstari mdogo wa kukata, aandike tarehe, na kila Ijumaa baada ya swala apige picha anitumie kwa WhatsApp. Ni mbinu ya zamani na haihitaji digrii. Nikampa pia namba ya injinia mwenye muhuri, mtu tuliyesoma naye, ambaye yeye alimaliza. Ilinibidi kumpigia na kumweleza kila kitu, baada ya miaka minne ya kutopokea simu zake. Alisikiliza, akaniuliza, "Nyufa ni za wima? Na kuna doa?" kana kwamba tuliachana jana.

Alikwenda wiki ya tatu. Alisema nguzo zote tatu zibomolewe. Kamati sasa inachanga.

Picha za Abuya huja kila Ijumaa, kidole chake kikiwa kimefunika nusu. Nyufa za nguzo ya tatu zimesimama. Hazijavuka alama hata kidogo tangu tangi literemshwe. Lakini Ijumaa iliyopita alituma picha ya nguzo ya kwanza, ile yenye doa la kahawia, na ufa umepita mstari wa penseli kwa urefu wa punje ya mchele. Chini yake sauti ya sekunde tisa: "Wewe. Tangi liko chini, hakuna uzito. Huu mmoja kwa nini bado unatembea?"

Sikuandika. Nilimpigia, kwa kredo yangu, na tukaongea kuhusu kutu kwa nusu saa.